Shajara ya Mradi: Msimu Mmoja katika Kikosi cha Makazi cha Uhifadhi, Sierra Nevada, 2024

Shajara hii ninamwandikia kijana msomaji wa Kiswahili anayeishi California, mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 25, aliyesikia kwamba viko vikosi vinavyowachukua vijana, vikawapa mahali pa kulala, na kuwapeleka milimani kufanya kazi ya uhifadhi kwa mshahara. Ninaandika kila hatua inapokamilika, aghalabu siku ya Jumapili. Yaliyokwenda vizuri nimeyapitia haraka, na makosa nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyonila muda na fedha, na mwenye kunifuata anaweza kuyaepuka yote. Kikosi changu sikitaji kwa jina, wala wenzangu.

4 Machi 2024: Maombi yamekubaliwa

Mipango ya namna hii ina historia ndefu nchini Marekani. Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alianzisha Civilian Conservation Corps, na hadi ilipovunjwa mwaka 1942 vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita katika kambi zake, wakilipwa dola 30 kwa mwezi ambazo 25 kati ya hizo zilipelekwa nyumbani kwao. Vijana Weusi walipokewa, lakini kuanzia mwaka 1935 walitengewa kambi zao. Ninalitaja hilo kwa sababu mama yangu, kabla hajauliza habari za mshahara, aliniuliza kama huko ninakokwenda nitakuwa peke yangu. Jimbo la California lilianzisha kikosi chake, California Conservation Corps, mwaka 1976 chini ya Gavana Jerry Brown, na kauli mbiu yake mpaka leo huwaambia vijana waziwazi kwamba kazi ni ngumu, malipo ni madogo na mazingira ni ya taabu. Nilimsomea mama kauli hiyo, akasema kwamba angalau hawadanganyi.

Mimi nina miaka 22 na kadi ya ukaazi wa kudumu. Nilituma fomu tarehe 14 Januari, na majibu yangechukua wiki tatu kama nisingefanya makosa mawili.

La kwanza lilikuwa katika mahojiano ya simu. Nilipoulizwa kwa nini ninataka kujiunga, nilieleza kwa kirefu jinsi ninavyoyapenda mazingira. Aliyenihoji alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama nimewahi kufanya kazi ya mikono saa nane mfululizo mvua ikininyeshea, na kama nimewahi kulala chumba kimoja na mtu nisiyemjua. Sikuwa na jibu la maana. Nilipopigiwa simu mara ya pili nilizungumzia miezi saba niliyopakua mizigo ghalani usiku, na jinsi tulivyogawana zamu na watu tusiopatana, na mazungumzo yakaenda vizuri. Anayeomba na ajiandae kwa maswali hayo mawili kwa mifano ya maisha yake mwenyewe.

La pili lilikuwa zito zaidi. Katika fomu ya afya niliacha wazi sehemu ya pumu, ingawa niliugua pumu utotoni na bado ninayo dawa ya kuvuta, kwa sababu nilidhani nikiitaja nitakataliwa. Daktari aliyenipima aligundua, akakataa kutia sahihi, nikalazimika kurudi na barua ya kliniki ya zamani na kulipia kipimo cha mapafu dola 85. Wiki nne zilipotea. Barua ilipofika, kikosi hakikunikataa. Kilitaka tu msimamizi ajue dawa iko mfuko gani. Sasa ninaelewa kwamba kama ningefanikiwa kuficha, ningekwenda mahali palipo mwendo wa siku nzima kutoka barabarani na watu ambao hawajui la kufanya nikikosa pumzi.

31 Machi 2024: Buti

Nimeripoti tarehe 18. Vyumba ni vya watu wawili, na kofia ngumu, miwani na sare hutolewa na kikosi. Buti mtu hujinunulia, na sharti ni ngozi, urefu wa kupita kifundo cha mguu, na soli nene inayoshika mwamba.

Nilinunua za dola 164 wiki moja kabla ya kuripoti. Nilizijaribu asubuhi, nikiwa na soksi nyembamba, kwenye sakafu tambarare, zikanikaa sawasawa. Siku ya tatu ya mazoezi tulipanda na kushuka kilima tukiwa tumebeba vifaa, na kufikia jioni nilikuwa na malengelenge makubwa kwenye visigino vyote viwili, na kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi kwa kugonga ncha ya buti wakati wa kushuka. Nilikaa siku mbili nikisafisha misumeno kwenye banda huku wenzangu wakiwa kazini. Kucha zote mbili zilitoka.

Za pili zilinigharimu dola 238, lakini kilichookoa miguu yangu ni namna nilivyozichagua. Nilikwenda dukani jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri mtu anavyosimama, nikavaa soksi nene za sufu nitakazozifanyia kazi. Nikasimama kwenye ubao wa mteremko, uso ukielekea chini, nikapiga mguu chini mara kadhaa. Vidole havikugusa ncha na kisigino hakikuinuka, hivyo nikazichukua. Nilizivaa ndani ya bweni na kwenye matembezi mafupi kwa siku kumi kabla ya kuzipeleka kazini. Aidha, mzee mmoja anayesimamia stoo alinifundisha kusimama mara tu ninapohisi joto mahali pamoja mguuni na kubandika plasta pale pale, kwa sababu joto hilo ndilo lengelenge la baada ya dakika ishirini. Tangu hapo sijapata jingine.

21 Aprili 2024: Mafunzo, na kuishi pamoja

Mafunzo yamekamilika: huduma ya kwanza, matumizi ya chenso (msumeno wa injini), na zana za mkono. Zana tutakayoishika zaidi ni ile inayoitwa Pulaski, yenye shoka upande mmoja wa kichwa na tezo upande wa pili, ili mtu akate mzizi na kuchimba udongo bila kubadilisha kifaa. Jina ni la Ed Pulaski, mlinzi wa msitu ambaye katika moto mkubwa wa Agosti 1910 huko Idaho aliwaingiza watu wake ndani ya handaki la mgodi na kuwaokoa wengi wao. Nyingine huitwa McLeod, ambayo ni reki nzito ya meno ya chuma yenye wembe wa jembe upande wa pili, na inafaa kwa kusawazisha njia.

Kosa la mwezi huu lilitokea chumbani likaonekana kazini. Mwenzangu wa chumba alitega kengele ya simu saa kumi na robo alfajiri ili afanye mazoezi, ilhali kikosi huamka saa kumi na moja kasorobo. Nilinyamaza wiki tatu. Nilijiambia kwamba ni ustahimilivu, na kwamba yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Tarehe 16, nikiwa na usingizi machoni, niliiweka Pulaski chini bila kuivisha kifuniko, tezo ikiwa juu, kando ya njia ambayo wenzangu walikuwa wanapita na mawe mikononi. Mmoja aliikanyaga kwenye ukingo wa soli. Kama angeteleza kidogo, ingemwingia kwenye kifundo.

Msimamizi hakunifokea. Aliniuliza nimelala saa ngapi, nikamweleza yote, akanituma nikazungumze na mwenzangu usiku ule ule. Mazungumzo yenyewe hayakufika dakika tano, kwa kuwa hakujua kwamba kengele inaniamsha, na tangu hapo simu yake huiweka chini ya mto ikitetemeka tu. Wiki tatu za kukosa usingizi zilitokana na maneno ambayo yangeweza kusemwa siku ya pili.

Kuhusu malipo, kima cha chini cha mshahara katika California mwaka huu wa 2024 ni dola 16 kwa saa, na ndicho tunacholipwa. Makato ya chumba na chakula hutolewa kabla hundi haijakufikia, hivyo usipange matumizi yako kwa kuzidisha saa na dola 16. Kuna pia tuzo ya masomo kupitia AmeriCorps, mpango wa serikali kuu wa huduma kwa jamii, kwa anayetimiza saa 1,700. Kwa mwaka huu ni dola 7,395, hutumika ndani ya miaka saba, na hutozwa kodi mwaka unapoitumia. Raia na wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kuipata. Andika saa zako mwenyewe kila jioni, kwa kuwa zile siku mbili za bandani ziliingizwa kimakosa kama siku za ugonjwa, na daftari langu ndilo lililonirudishia saa 16.

16 Juni 2024: Kupanda mlimani, na ugonjwa wa wiki ya kwanza

Tuko watu 14 kwenye kambi ya mahema, takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Nyumbu wa kubebea mizigo walileta chakula na zana, sisi tukapanda kwa miguu kwa siku mbili. Kichwa kiliniuma siku ya kwanza, nikanywa maji mengi na kulala mapema, na dawa ya pumu sikuihitaji. Mito hapa huvukwa asubuhi, kwa sababu theluji huyeyuka mchana na maji huwa makali zaidi jioni.

Siku ya tatu watu watano walianza kuharisha. Kila mtu alilaumu maji ya kijito, na mimi pia, tukaanza kuyachuja na kuyachemsha mara mbili, jambo lililotumia gesi ya siku nne. Msimamizi alitutaka tufikiri. Vijidudu vya jiadia, ambavyo ndivyo hofu kubwa katika vijito vya mlimani, kwa kawaida huchukua wiki moja au zaidi kabla ya kumwangusha mtu, na sisi tulikuwa na siku tatu tu. Basi tukatazama mikono na vyombo. Tulikuwa tukiosha vyombo vya watu 14 kwa sifongo moja katika beseni moja la maji yaliyopoa, na ndoo ya kunawia mikono ilikuwa upande wa pili wa jiko, mbali na choo.

Tulibadilisha mpangilio siku hiyo hiyo. Ndoo ya kunawia sasa ina bomba linalokanyagwa kwa mguu ili mkono usiguse kitu, na imewekwa pale mtu anapotoka chooni, si pale anapoingia jikoni. Vyombo hupita mabeseni matatu: maji moto yenye sabuni, maji ya kusuuza, na maji yenye klorini kidogo, kisha hukaushwa kwa hewa bila kitambaa. Sifongo ilichomwa. Hakuna aliyeugua tena, lakini siku za kazi zilizopotea, ukijumlisha za wote watano, zilikuwa 11.

Katika safari ya kupanda tulipita ndani ya Sequoia National Park, na ninaandika hili kwa ajili ya mama. Mwaka 1903 hifadhi hiyo ilisimamiwa na Kapteni Charles Young, ofisa Mweusi wa jeshi, na askari wake Weusi ndio waliokamilisha barabara ya magari ya farasi hadi Giant Forest, kwenye ile miti mikubwa kuliko yote duniani. Nilisimama pale nikatazama kingo za mawe za barabara hiyo kwa muda mrefu. Sikuwa mtu wa kwanza mwenye rangi yangu kubeba jiwe katika milima hii, na jambo hilo lilinipa nguvu.

7 Julai 2024: Vizuizi 11 vya maji

Kazi yetu kuu ni njia ya miguu inayokatwa na maji. Sehemu niliyopewa na wenzangu wawili ina urefu wa mita 400, yenye mteremko wa karibu asilimia 14, ilhali kanuni tuliyofundishwa ni kwamba wastani wa mteremko wa njia usizidi asilimia 10, wala usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Kuihamisha njia hakukuwamo katika mpango wa mwaka huu. Tulitakiwa kujenga vizuizi, yaani safu za mawe zilizozikwa kukatiza njia ili kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi.

Tulijenga 11 kwa siku tisa. Kila jiwe lilizikwa theluthi mbili, mawe yakabanana, nikasimama juu ya kila moja na halikucheza. Niliona fahari. Nimepiga picha zote.

14 Julai 2024: Vyote 11 vimeshindwa

Alasiri ya tarehe 11 ngurumo zilikuja. Tulijibanza mbali na miti mirefu mpaka radi ikapita, mvua ikiwa bado nzito, kisha msimamizi akasema twende tukaitazame kazi yetu wakati huo huo. Kwa jambo hili moja ninamshukuru kuliko mengine yote. Tulipanda mita 400 zile tukiwa tumelowa, macho chini, tukiyafuata maji.

Nilichuchumaa kando ya kizuizi cha tano. Maji yalikuja njiani yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakagonga mawe, yakasimama. Mchanga uliokuwa ndani yake ulianza kutua mbele ya mawe, punje kwa punje, na ndani ya dakika sita hivi ile nafasi ya kina cha kiganja ilikuwa imejaa mpaka juu. Kuanzia hapo maji yalipita juu ya mawe kana kwamba hayapo, yakaanguka upande wa pili kwa nguvu na kuanza kuchimba shimo chini ya mawe yenyewe. Ukingoni, upande wa bondeni, mengine yalizunguka mwisho wa safu na kurudi njiani. Mawe yalikuwa imara kabisa. Hakuna hata moja lililotikisika, lakini kazi yao haikuwa ikifanyika.

Makosa yalikuwa manne, na nimeyapanga kwa uzito wake.

Kubwa lilikuwa mahali maji yanapoanzia. Juu ya kizuizi cha kwanza, kwenye kona, kuna chemchemi ndogo ambayo wakati wa ukavu ni unyevu tu. Mvua iliponyesha iligeuka kijito kilichoingia njiani na kubaki humo. Tulikuwa tunapigana na maji mara 11 badala ya kuyazuia yasiingie mara moja.

La pili ni pembe. Nililaza safu karibu kukata njia moja kwa moja, kwa sababu hivyo ilitumia mawe machache na ilipendeza kwa macho. Safu inatakiwa ilale mshazari, angalau nyuzi 45 kutoka ule mstari unaokata njia sawasawa, ili maji yasisimame bali yateleze kando yake na kuusukuma mchanga nje.

La tatu ni mdomo wa kutokea. Mifereji yangu ilikuwa na upana wa sepetu moja na urefu wa hatua moja, hivyo jani moja na vijiti viwili vilitosha kuiziba.

La nne ni watu. Kwa kuwa safu zilikuwa fupi, wasafiri waliona ni rahisi kuzizunguka kuliko kuzivuka, na nyayo zao zilikuwa zimeanza kuchora njia mpya ya pembeni ambayo maji yaliifuata kwa furaha.

28 Julai 2024: Marekebisho

Tulianza juu. Siku mbili nzima tulizitumia kwenye kona ile, tukachimba mfereji wa kuipokea chemchemi upande wa mlimani na kuipitisha chini ya njia kwa daraja dogo la mawe bapa. Baada ya hapo sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa imekwisha, na tungejua mapema tusingejenga vizuizi 11.

Vinne tulivifukua kabisa, tukaweka badala yake mibonyeo mirefu, yaani njia inashuka, inainuka kidogo kwa hatua tatu au nne, kisha inaendelea kushuka, na mahali inapobadilika uso wake umelazwa kuelekea bondeni. Mtu anayepita hahisi kitu, wala hana sababu ya kuuzunguka. Ugumu wake ni kwamba unahitaji udongo mwingi, nasi tulibeba ndoo 160 hivi kutoka shimo lililokuwa mita 90 kutoka njiani, mahali pasipoonekana na wapitao. Saba vilivyobaki, ambavyo viko kwenye mwamba usiochimbika, tulivilaza upya kwa mshazari, tukavirefusha hadi ndani ya ukingo wa mlima, na kupanua midomo kufikia upana wa sepetu mbili mwanzoni na zaidi kadiri inavyotoka. Njia ya pembeni tuliifunga kwa magogo yaliyooza na mawe yenye kuvu, kwa sababu matawi mabichi huvutwa kando na mtu yeyote anayetaka kupita.

Kwa pembe nilitumia fimbo mbili na kamba, baada ya kugundua kwamba jicho langu hudanganya kwa nyuzi 15 hadi 20 kila mara, na daima upande ule ule. Gharama ya kosa: siku tisa za awali, siku 13 za kurekebisha, watu watatu.

25 Agosti 2024: Ukuta uliotoa tumbo

Baada ya mifereji tulipewa ukuta wa mawe makavu, usio na saruji, wa kushikilia ukingo wa nje wa njia pale ulipobomoka. Urefu ni mita 6, na kimo sentimita 90. Mawe ni ya itale. Jiwe la urefu wa sentimita 60, upana 40 na unene 30 hukaribia kilo 190, na halibebwi na mtu. Huhamishwa kwa mitaimbo miwili, mmoja ukiinua na mwingine ukikaza, sentimita chache kila mara, na anayeongea ni mmoja tu. Kidole hakiingii chini ya jiwe kwa sababu yoyote ile. Kwa kazi hiyo kuna jiwe dogo la kusukumia.

Tulimaliza kwa siku saba. Siku ya tisa baada ya kumaliza nilivuta kamba kutoka mwisho hadi mwisho, nikaona katikati ukuta umesogea nje sentimita 7. Hakuna mvua iliyokuwa imenyesha. Tulibomoa mita 4, na kubomoa kwenyewe ndiko kulikonifundisha, kwa sababu tuliondoa jiwe moja moja na kusoma kila moja lilikuwa linafanya nini.

Mawe mazuri, yenye uso ulionyooka, nilikuwa nimeyalaza kwa urefu ili uso wote uonekane nje. Matokeo yake yalikuwa kama mlango uliosimamishwa, mpana mbele na hauna kitu nyuma. Jiwe refu linapaswa kuingia ndani ya kilima, lionyeshe kichwa chake tu. Pia mahali pamoja maungio ya mawe yalifuatana kwa safu tatu, moja juu ya jingine, na ufa ulianzia hapo hapo. Kila jiwe linatakiwa likae juu ya mawili, na kila mawili yafunikwe na moja. Kosa la mwisho lilikuwa nyuma ya ukuta, nilikojaza udongo kwa kuwa ulikuwa karibu. Udongo huhifadhi maji na huvimba, na watu wanapokanyaga juu husukuma nje. Panatakiwa mawe yaliyopondwa, yagongwe kwa nyundo mpaka yasitikisike.

Tulichimba msingi upya, sakafu yake ikainamia ndani, na ukuta mzima tukaulaza kuelekea kilimani kama sentimita 20 kwa kila mita ya kwenda juu. Kuponda mawe ya kujazia kulichukua nusu ya muda wote. Vijana wengi huikimbia kazi hiyo kwa sababu haionekani ukuta ukikamilika, nami nilikuwa mmoja wao mwezi Julai. Mara ya pili ilichukua siku sita. Kamba ninaivuta kila Jumapili na haijasogea.

15 Septemba 2024: Magogo

Hatua hii ilikwenda sawa. Eneo hili liko chini ya Sheria ya Nyika (Wilderness Act) ya mwaka 1964, ambayo hairuhusu mashine zenye injini, hivyo chenso zilibaki kituoni na magogo 31 yaliyoangukia njia tuliyakata kwa msumeno mrefu wa watu wawili. La kukumbuka ni moja: unavuta tu, husukumi. Ukisukuma, msumeno hujipinda na mwenzako hufanya kazi mara mbili. Kabla ya kukata, tazama gogo limebanwa upande gani, kwa maana lililoinama katikati hubana msumeno kutoka juu, na lililoning'inia ncha hubana kutoka chini. Tulikwama mara mbili, tukatumia kabari.

13 Oktoba 2024: Ukaguzi wa mwisho wa msimu

Mvua kubwa ilinyesha usiku wa kuamkia tarehe 9, na asubuhi nilipanda peke yangu na daftari. Mibonyeo yote minne ilikuwa safi. Vizuizi sita kati ya saba vilikuwa vimetoa maji, na alama za mchanga nje ya midomo zilionyesha ulikokwenda. Cha tatu kilikuwa kimejaa nusu. Juu yake kuna mti uliokufa unaomwaga magome, na magome ndiyo yanayoziba. Niliufukua mdomo, nikaurefusha kwa mita moja zaidi.

Hesabu zangu hadi leo: buti dola 402 kwa jozi mbili, soksi 72, koti la mvua 95, glavu 26, kipimo cha mapafu 85, jumla dola 680, ambapo 164 za jozi ya kwanza zilitupwa. Akiba iliyobaki benki ni dola 6,150. Saa za tuzo ya masomo ni 1,164 kati ya 1,700, na zilizobaki nitazimalizia kituoni majira ya baridi.

Kwa kikosi kitakachokuja mwakani: daraja dogo la kona likaguliwe kwanza kabla ya kitu kingine, na kizuizi cha tatu kifukuliwe mara theluji inapoyeyuka. Kamba ya kupimia ukuta nimeiacha kwenye sanduku la zana, imefungwa fundo kila mita moja, na mahali pa kuifunga nimepaweka alama ya patasi kwenye jiwe la kwanza na la mwisho.